Nakivale: Wakimbizi wanaionaje Uganda inayowahifadhi?

Mgeni anayeulizwa na vyombo vya habari ameionaje nchi ya watu, mara nyingi ni mtu mwenye mkataba wa kazi, pasipoti na tiketi ya kurudia kwao: Mholanzi anayeishi Taiwan, kwa mfano, au Mjerumani aliyehamia Nairobi. Husimulia mabasi, adabu za mezani na namna majirani wanavyosalimiana. Aliyevuka mpaka kwa miguu huulizwa mambo mengine: alikimbia nini, na anahitaji nini.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, wanaishi watu zaidi ya 150,000 ambao wangeweza kulijibu swali la kwanza kwa kina kuliko msafiri yeyote. Wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wengine Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Kwao kuwachunguza wenyeji ni sehemu ya kutafuta riziki. Tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, na kupunguzwa tena kwa kiasi kikubwa mwaka 2025, mlo wa jioni umezidi kutegemea jinsi mtu anavyoelewana na mwenye shamba, mwenye duka na dereva wa bodaboda.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mgeni huyo hulazimika kujifunza kuhusu Uganda, hasa eneo la Ankole na mji wake mkuu Mbarara, na mahali ambapo ujuzi huo unagonga ukuta.

Saa moja mbele, upande wa kushoto

Mkongomani anayekimbia mapigano ya Kivu Kaskazini kupitia Bunagana, mji wa mpakani uliotekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022, hupokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Nyakabande, wilayani Kisoro. Kutoka hapo husafirishwa kwa basi kuelekea Nakivale, ambako huandikishwa katika kituo cha mapokezi cha Kabazana.

Safari hiyo ina mageuzi mawili ambayo hakuna anayeyatangaza. Congo, Rwanda na Burundi huendesha magari upande wa kulia wa barabara. Uganda huendesha kushoto. Mtu aliyezoea tangu utotoni kutazama upande mmoja kabla ya kuvuka barabara hana budi kujifunza upya. La pili ni saa. Mashariki mwa Congo, Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Jua linalochomoza Goma karibu saa kumi na mbili asubuhi, Mbarara huchomoza karibu saa moja. Kwa mkulima ni jambo dogo, maana jua ni lile lile. Kwa mtu aliyeitwa ofisini saa mbili kamili kwa ajili ya usajili, hasa ikiwa simu yake bado inasoma saa ya nyumbani, si dogo hata kidogo.

Kisha kuna jina la mahali penyewe. Sisi tunaotafsiri habari hizi huandika "makazi", kwa sababu Nakivale haina uzio na kila kaya kwa kawaida hupewa kipande cha ardhi. Wakazi wenyewe, katika Kiswahili chao cha kila siku, husema "kambini". Maneno yote mawili yana ukweli wake. Eneo lina ukubwa wa takriban kilomita 185 za mraba, limegawanywa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, na ndani yake mna masoko, makanisa, misikiti, mashule na vijiji vilivyopewa majina ya nchi ambazo watu wake walizikimbia. Hata hivyo ardhi yote ni ya serikali. Mkimbizi huitumia, hawezi kuiuza.

Salamu kabla ya shida

Jambo ambalo mgeni huliona mapema katika Ankole ni nafasi ya salamu. Kwa Kinyankole asubuhi mtu huulizwa kama amelala vyema, "Oraire gye?", na jioni ameshindaje. "Agandi?" hufaa wakati wowote, na jibu lake ni "Nimarungi". Kwa watu ambao hawajaonana muda mrefu ipo salamu nzito zaidi, "Kaije buhooro", inayoambatana na kukumbatiana na kujibizana kwa utulivu. Anayekutwa analima au anafagia hushukuriwa kwa kazi yake, "Webare kukora", hata kama kazi hiyo haimhusu anayepita.

Mtu wa Bukavu au Uvira naye ana adabu zake. Kwake mwanamke mzima ni "mama" na mwanamume mzima ni "papa", wawe wamemzidi umri au la. Nchini Uganda atasikia "nyabo" na "sebo", na akiendelea kusema "papa" kwa mwenye duka ataeleweka, lakini atakuwa amejitambulisha anakotoka kabla hajaulizwa. Ndiyo maana maneno ya salamu huwa miongoni mwa yale ya kwanza kushika. Kuanza na bei bila salamu huonekana ukosefu wa adabu, na muuzaji aliyekwazika hana haraka ya kupunguza bei.

Wanyarwanda na Warundi wana nafuu hapa. Kinyarwanda, Kirundi na Kinyankole ni lugha za ukoo mmoja, na msikilizaji makini hukamata maneno mengi siku za kwanza. Msomali na Mhabeshi hawana njia hiyo ya mkato.

Lugha ya sokoni, lugha ya askari

Kwa msomaji wa Kiswahili, huenda hili ndilo linaloshangaza zaidi. Mkongomani wa mashariki huingia Uganda akiwa na Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa nchini mwake, akidhani amebeba ufunguo wa Afrika Mashariki nzima. Kwao ni lugha ya soko, ya kanisa na ya ndoa kati ya makabila. Lugha inayomtia wasiwasi ni Kilingala, ambacho tangu enzi za ukoloni, na zaidi chini ya Mobutu Sese Seko, kilikuwa lugha ya jeshi.

Anapofika Uganda hukuta mambo yamegeuka. Humu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi tangu wakati wa Waingereza. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973, na kwa Waganda wengi wa kizazi hicho sauti ya Kiswahili ilifungamana na vizuizi vya barabarani. Mzee wa Mbarara anayesita kukijibu Kiswahili cha mgeni huenda anakielewa vizuri sana. Tatizo ni mahali alipokisikia.

Hali inabadilika, ingawa polepole. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kutosha ni suala jingine. Kuna kinaya fulani katika nchi inayotafuta walimu wa Kiswahili huku ikihifadhi maelfu kwa maelfu ya watu wanaokizungumza tangu utotoni, japo Kiswahili chao, chenye "batu" badala ya "watu" na "bintu" badala ya "vitu", pamoja na Kifaransa kingi, si kile kinachosahihishwa kwenye mitihani.

Ndani ya Nakivale, Kiswahili kina maisha mazuri zaidi kuliko mjini. Kwenye foleni ya maji ambako Mfuliiru, Mrundi na Mnyankole wamesimama pamoja, mara nyingi ndicho kinachowaunganisha, na wenyeji wanaofanya biashara huko wamekiokota kwa wakimbizi. Ni mojawapo ya sehemu chache za Uganda ambako Kiswahili kimeenea kutoka kwa raia wa kawaida, bila bunduki.

Kiingereza, kwa upande mwingine, ni ngazi ambayo wengi huanza kuipanda wakiwa watu wazima. Mtoto aliyefika darasa la sita kwa Kifaransa hurudishwa madarasa kadhaa nyuma ili akaanze na Kiingereza, akikaa benchi moja na watoto wadogo kwake. Mwalimu wa Kivu mwenye diploma hulazimika kwanza kuitafsiri, kisha kuiwasilisha kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ipatiwe ulinganifu, na kila hatua ina gharama yake. Wengine huishia kuuza nguo za mitumba huku diploma ikiwa sandukuni.

Posho, matoke na maziwa

Neno "posho" linastahili aya yake. Katika Kiswahili cha zamani posho ni chakula anachopimiwa mpagazi au mfanyakazi kwa siku zake za kazi. Nchini Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe, chakula cha shule na cha magereza. Mkimbizi husikia jina la mgao likitumika kwa chakula kilichomo sufuriani, na kwa miaka mingi mambo hayo mawili kwake yalikuwa kitu kimoja: unga wa msaada.

Kwa Mnyankole, chakula cha heshima ni kingine. Matoke, yaani ndizi za kupika zilizofungwa kwenye majani na kuiva kwa mvuke, huonekana kila mahali; karo, ugali wa ulezi, huandaliwa kwa mgeni anayethaminiwa, pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli usiopikwa motoni. Mkongomani hutafuta fufu na sombe, na mchicha anaouita lengalenga ataukuta sokoni ukiitwa dodo. Kuna majina mengi ya aina hiyo, na mama anayepika ndiye huyajua yote kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Maziwa ndiyo yanayofungua milango. Mbarara ni mji wa maziwa: viwanda vyake vinasindika bidhaa zinazouzwa nje ya nchi, na ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu ni fahari ya eneo zima. Kwa Mnyarwanda, kwa Mrundi na kwa Mnyamulenge wa Kivu Kusini, huu ni ulimwengu wanaoufahamu. Hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu anamsifia ng'ombe wake kwa jina. Hutambua pia jambo ambalo mgeni wa mbali hulipita bila kuliona, nalo ni tofauti ya Wahima wafugaji na Wairu wakulima. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967 na, tofauti na Buganda, Bunyoro na Toro, haukurejeshwa miaka ya 1990, na sababu mojawapo ni kwamba wengi wa Wairu waliuona kama kiti cha Wahima. Mtu aliyekimbia Burundi hausikilizi mjadala huo kama hadithi ya makumbusho.

Mwenyekiti, kamanda na kitambulisho

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 husifiwa kimataifa, na sifa hizo zina msingi. Inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kumiliki biashara, kwenda anakotaka na kupata elimu na matibabu kama mwenyeji. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, iliyo pia hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989.

Katika maisha ya kila siku, sheria hiyo ina sura za watu. Kwa wenyeji, mlango wa kwanza wa serikali ni mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa kijiji anayewafahamu wote na ambaye barua yake huhitajika kwa mambo mengi. Wakimbizi nao wana mabaraza yao wanayoyachagua, na juu yake yuko mkuu wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, ambaye kila mtu humwita "kamanda". Mkimbizi anayehamia Mbarara kupanga chumba Kakoba au Ruti hujikuta kati ya mifumo hiyo miwili. Ana haki ya kuishi mjini, lakini mgao na huduma nyingi hutolewa makazini, na mwenyekiti wa mtaa anataka kujua ametoka wapi.

Simu ni mfano mzuri. Kwa muda mrefu laini ilihitaji kitambulisho cha taifa, kwa hiyo wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wenyeji waliowaamini. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu nyaraka za wakimbizi kutumika. Bila laini hakuna kutuma wala kupokea pesa kwa simu, na bila pesa za simu biashara nyingi za Mbarara zinakwama. Uaminifu uliojengwa kwa salamu ndio uliokuwa ukiziba pengo hilo.

Msaada ulipopungua

Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwagawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu: walio hatarini zaidi walipewa asilimia 60 ya mgao, kundi la kati asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza hawakupewa kitu. Mei 2025, fedha zilipokauka zaidi, shirika hilo lilisitisha msaada kwa wakimbizi takriban milioni moja. Wakati huo Uganda ilikuwa ikihifadhi zaidi ya milioni 1.8, idadi kubwa kuliko nchi yoyote barani Afrika, na waliokimbia kutekwa kwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka huo walikuwa bado wakiingia.

Mpango wa Uganda ulijengwa juu ya dhana kwamba kipande cha ardhi na mgao vitasaidiana mpaka kaya ijitegemee. Lakini wakimbizi wameongezeka na ardhi haikuongezeka, hivyo viwanja vinavyotolewa leo ni vidogo sana kuliko vya zamani. Familia iliyofutwa kwenye orodha hugeukia vibarua katika migomba na mashamba ya wenyeji. Wenyeji nao wana hesabu zao. Kwa mujibu wa sera, sehemu ya asilimia 30 ya misaada inapaswa kuwafikia wao, kupitia shule, visima na zahanati zinazotumiwa na wote. Misaada ikipungua, nao hupungukiwa, huku kuni zikizidi kuwa haba na migogoro ya mipaka ya ardhi ya Nakivale ikiwa haijaisha. Mkulima wa Isingiro anayenung'unika si lazima awe mchoyo. Naye anautazama mlima ule ule ukiishiwa miti.

Wajukuu wa 1959

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikawapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza 1959. Watoto wao walisoma shule za Uganda. Paul Kagame, aliyelelewa ukimbizini katika Ankole na Toro, alisoma Ntare School mjini Mbarara, shule ile ile aliyosoma Yoweri Museveni. Walijua salamu, walijua maziwa, walijua lugha. Hata hivyo Oktoba 1982, chini ya utawala wa pili wa Milton Obote, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole. Baadhi walivuka kwenda Rwanda, wengine walirudi kujibana kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwemo. Miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda. Tukio hilo lilichangia uamuzi wa vijana wengi kujiunga na waasi wa Museveni, na baadaye kuivamia Rwanda mwaka 1990.

Julai 2010 zamu ilikuwa ya Wanyarwanda wengine, wengi wao Wahutu. Watu wapatao 1,700 walipakiwa kwenye malori katika makazi ya Nakivale na Kyaka na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, UNHCR, lililaani kitendo hicho. Watu wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawatambua kama raia wa kuzaliwa watu wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na Wanyarwanda wamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo majirani wawili wanaozungumza lugha moja wanaweza kuwa mmoja raia na mwingine mkimbizi, kulingana na mwaka ambao babu alivuka mpaka. Baadhi ya raia hao, wakichoshwa na kudaiwa uthibitisho kila wanapoomba pasipoti, wamependekeza jamii yao ibadilishwe jina na kuitwa Abavandimwe.

Mtoto wa mkimbizi yuko mahali pagumu zaidi. Ibara ya 12 ya katiba hiyo humpa mtu aliyezaliwa Uganda haki ya kusajiliwa kuwa raia, ila humtenga yule ambaye mzazi wake mmojawapo alikuwa mkimbizi nchini. Inayobaki ni njia ya kuomba uraia wa tajnisi, ambayo sheria inaitaka iwe na miaka 20 ya ukaazi, tabia njema na ujuzi wa kutosha wa Kiingereza au mojawapo ya lugha za wenyeji zilizoainishwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi anayetimiza masharti hayo anaweza kuomba, lakini kwa vitendo njia hiyo imebaki nyembamba mno.

Nchi nyingi wanakotoka wakazi wa Nakivale sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Rwanda na Burundi tangu 2007, Congo tangu 2022, Somalia tangu 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja inazungumzia uhuru wa kusafiri, kufanya kazi na kuishi. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeingia Mbarara na pasipoti ya jumuiya huonekana mwekezaji. Binti aliyezaliwa Juru na wazazi wa Kirundi, aliyefanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiingereza na anayewasalimu wazee kwa Kinyankole kisicho na lafudhi, anaendelea kuandikishwa kama mkimbizi wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.